Chombo Kikizama, Msikimbilie Kukianika



Kikundi kimoja cha upande wa Likoni, ambacho hatutakitaja jina kwa sababu aibu ya jambo hili ni yetu pia, kilikuwa na mashua moja ya mbao na injini moja ya kufungwa nyuma. Wanachama wake walikuwa wavuvi pamoja na mama karanga wanaouza samaki wao. Mashua waliinunua nusu kwa akiba ya merigoraundi na nusu kwa mkopo. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei mvua ya masika ilinyesha tangu magharibi hadi alfajiri. Mashua ilikuwa imetia nanga ufukoni upande wa Mtongwe, na aliyekuwa na zamu ya kufua maji alilala kwake. Kulipokucha ilionekana ncha ya omo tu, na kamba ya nanga imekazana.

Watu walifanya kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Waliita vijana, wakaleta kamba nene na pikapu, wakaivuta mashua ikiwa bado imejaa maji. Ilitoka, vigelegele vikapigwa. Kumbe ndani mataruma mawili yalikuwa yamekatika na ubao mmoja wa ubavuni umebanduka. Ndipo wakaja ofisini kwetu kuomba ushauri. Nasi, badala ya kusema hatujui, tukawaambia: ianikeni juani mpaka ikauke kabisa, na injini iwekeni mahali pakavu mpaka fundi apatikane. Huo ulikuwa ushauri wa kufua nguo, si wa chombo. Baada ya wiki tatu mbao zilikuwa zimeachana hata unaweza kupitisha kidole. Fundi wa injini alifika siku ya tisa, akajaribu kuizungusha, haikuzunguka. Kutu ilikuwa imeishika ndani. Mkopo lakini ulibaki palepale, na riba yake.

Mwishowe wakamwita mzee mmoja, fundi wa vyombo tangu ujana wake. Alizunguka mashua mara moja, akagonga gonga kwa kisigino cha shoka, akakaa kwenye kivuli.

"Chombo hichi bahari haikukiua," alisema. "Mwakiua nyinyi kwa jua."

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Kifunikeni kwanza. Kisha tutazungumza."

Yale aliyotufundisha siku ile na siku zilizofuata ndiyo tunayoyaandika hapa, pamoja na mengine tuliyojifunza baadaye. Jambo lenyewe ukilishika, mengine yote yanafuata: chombo kikiwa chini ya maji huharibika polepole, kikitolewa, huharibika mbio. Kwa hivyo kazi ya kutayarisha hufanywa kabla ya kukitoa, si baada. Kama fundi hayupo, kivuli hakipo, maji matamu ya kuoshea injini hayapo, na pesa ya pamba na misumari haijapatikana, ni afadhali chombo kikae chini siku mbili tatu zaidi, mradi kimefungwa kisichukuliwe na mkondo.

Kwa nini iwe hivyo? Mbao ni kama sifongo. Zikikaa majini hunywa, zikavimba, zikabanana. Zikitolewa na kupigwa na jua la Mombasa, upande wa nje hukauka na kunywea wakati ndani bado kumelowa, na hapo ubao hupasuka au hujipinda. Wenye elimu kubwa ya mambo haya wanaijua hofu hiyo. Pale mbele ya Fort Jesus imelala meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanna, iliyozama mwaka 1697 wakati ngome ilipozingirwa na Waomani. Kuanzia 1977 hadi 1980 wapiga mbizi waliichimbua chini ya maji pamoja na watu wa Makumbusho ya Taifa. Vitu vingi vilitolewa na kuhifadhiwa, na baadhi huonyeshwa pale ngomeni. Lakini mwili wa meli, yaani mkuku na mataruma na mbao zake, walipima na kuchora, kisha wakaufunika tena kwa mchanga na tope palepale. Hawakuutoa. Kule Uswidi meli iitwayo Vasa, iliyozama mwaka 1628, iliibuliwa mwaka 1961, na walilazimika kuinyunyizia dawa inayofanana na nta kwa muda wa miaka 17 kabla ya kuiacha ikauke. Mashua yenu iliyozama wiki jana haihitaji miaka 17. Inahitaji makuti na magunia yaliyoloweshwa.

Kabla ya yote, watu. Hesabuni watu, si mbao. Mtu asipoonekana, piga simu kwa polisi na kwa walinzi wa pwani, mwambie na mwenyekiti wa BMU, halafu ndiyo mfikirie mali. Na kama chombo kimepinduka lakini bado kinaelea, msikitoboe juu. Hewa iliyonaswa ndani ndiyo inayokishikilia. Tunakumbuka meli ya MV Bukoba katika Ziwa Victoria, mwezi wa Mei 1996: ilipinduka ikabaki inaelea, na watu walikuwa hai ndani yake. Waokoaji walipotoboa ili wawatoe, hewa ilitoka, nayo ikazama kabisa. Walitoboa kwa huruma. Basi ni vizuri tulijue jambo hili kabla ya siku yenyewe kufika.

Pili, jiulizeni kimezama wapi. Kama ni mahali ambapo maji yakipwa mtu husimama yakamfika kifuani, hiyo ni kazi ya kikundi. Kama ni kwenye mlango wa bahari pale Kivukoni, mahali meli kubwa zinapopita, hiyo si kazi yenu hata mkiwa na vijana hodari namna gani. Mwaka 2019 gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni, lilikutwa kwenye kina cha mita 58, na ilichukua siku 13 kulitoa, tena kwa wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji na wengine waliokodiwa. Kijana wa kuzamia kwa pumzi yake asitumwe huko kwa ahadi ya shilingi elfu mbili. Tunasema hivi kwa sababu tumesikia ahadi za namna hiyo zikitolewa.

Fungeni boya mahali kilipo, hata kama ni jerikeni tupu. Vilevile shikeni alama za nchi kavu: mnazi huu ukae sawa na mnara ule, na paa lile sawa na kichuguu kile. Jerikeni huibiwa, alama haziibiwi.

Tatu, je, kinafaa kuibuliwa? Hapa ndipo vikundi hudanganyana, kwa sababu mwenye chombo hapendi kuambiwa kimekwisha. Mtu ashuke maji yakipwa, na kisu. Adunge mkuku, adunge mataruma pale yanapokutana na mbao. Kisu kikiingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha, hakuna chombo tena. Kisha atafute matundu madogo kama kichwa cha pini. Huyo ni mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Hasa si mdudu, ni jamii ya chaza, ila mwili wake ni mrefu kama mnyoo. Huingia akiwa mdogo sana, akakulia ndani, kwa hiyo nje utaona tundu la pini na ndani njia pana kama kidole. Bahari yetu ni ya joto na chumvi, naye huipenda. Bahari ya wenzetu wa Vasa ina chumvi kidogo, ndiyo maana meli ile ilikutwa karibu nzima baada ya miaka zaidi ya mia tatu. Kwetu miezi michache tu yaweza kutosha kuharibu ubao mwembamba usiopakwa kitu. Gongeni kwa nyundo: ubao mzima hulia, ulioliwa hunyamaza.

Sasa kazi ya kuibua. Mafundi wa zamani hawakuwa na kreni, walikuwa na bamvua. Hapa Mombasa wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na nguvu hiyo haidai malipo. Kinachohitajika ni kujua maji yana uzito gani. Mita moja ya maji ya bahari, urefu, upana na kina, ni zaidi ya kilo elfu moja, yaani tani. Mashua ya wastani iliyojaa inabeba tani kadhaa za maji. Yakiwa chini ya bahari maji hayo hayana uzito wowote kwenu, maana maji ndani ya maji hayalemei. Lakini mara ukingo wa mashua unapotokeza juu, kila ndoo iliyomo ndani inaanza kulemea, na uzito wote unaangukia mataruma. Hapo ndipo mataruma ya wale rafiki zetu yalikatika. Haikuwa bahari. Ilikuwa pikapu.

Kwa hiyo msivute chombo kilichojaa. Kwanza kipunguzieni: toeni injini, nanga, mawe, nyavu, samaki na barafu kama vimo. Injini ya nguvu ya farasi 40 peke yake hufika kilo 70 au zaidi. Halafu maji yakiwa yamepwa kabisa, pitisheni kamba pana au mikanda chini ya tumbo, mahali pawili, omo na tezi, karibu na mataruma. Fungeni mapipa matupu yaliyozibwa barabara, sawasawa kila upande. Pipa moja la lita 200 likizamishwa lote lina nguvu ya kuinua kiasi cha kilo 180. Mbao nyingi zenyewe hutaka kuelea, kwa hiyo mapipa manne mara nyingi hutosha kwa mashua ndogo. Wengine hutumia vyombo viwili vizima, kimoja kila upande, na magogo yamelazwa juu yake, kile kilichozama kimefungwa katikati. Kisha kaeni chini mngoje. Bahari ikijaa itainua yenyewe. Ikishainua, kisukumeni taratibu kuelekea ufukoni mpaka kiguse mchanga tena. Maji yakipwa, kazeni kamba upya, mngoje yajae tena. Inaweza kuchukua siku mbili. Vijana watachoka kungoja kuliko kuvuta, lakini waambieni wangoje.

Likija pwa la mwisho, chombo kitakuwa kimekaa mchangani na bahari imerudi nyuma. Sasa toeni kizibo cha chini, au fungueni pale panapovuja, maji yatoke yenyewe kadiri bahari inavyoshuka, huku watu wakifua kwa ndoo na upo. Kiegemezeni kwa magunia ya mchanga pande zote mbili kisilale ubavu. Kabla maji hayajarudi, zibeni tundu kwa turubai na ubao mwembamba kutokea nje, maana maji yenyewe yatakisukuma kiraka kibane. Bahari ikijaa, chombo kitaelea.

Tahadhari moja hapa. Pipa likiponyoka chini ya maji huruka juu kama mwana-punda aliyekatiwa kamba, na limewahi kuvunja meno ya watu. Asisimame mtu juu yake wala asiinamie. Na pipa lililokuwa na petroli lioshwe kwa sabuni na maji mengi, wala asilisogelee mtu mwenye sigara.

Injini ina sheria yake, nayo ni kali. Saa za kwanza ndizo zinazoamua. Ikiwa chini ya maji hewa ni haba, na kutu huhitaji hewa. Ikitoka, chumvi na hewa hukutana ndani ya silinda na kazi ya uharibifu huanza siku hiyohiyo. Kwa hivyo msiiopoe injini mpaka fundi awe amesimama pale, na maji matamu, na oili. Ikitoka, iosheni nje na ndani kwa maji matamu. Msijaribu kuiwasha. Toeni plagi, ilazeni matundu ya plagi yakitazama chini, zungusheni kwa mkono polepole maji yatoke. Kama ilizama ikiwa inafanya kazi na sasa haizunguki kwa wepesi, msiilazimishe. Huenda kuna kitu kimepinda ndani, maana maji hayabanwi kama hewa, au mchanga umeingia. Ikizunguka vizuri, mimineni oili safi kwenye silinda, safisheni kabureta, mwageni mafuta yote ya zamani kwenye debe (si baharini), tieni mapya, ndipo iwashwe na iachwe iungurume kama nusu saa. Fundi asipopatikana siku hiyo? Basi itumbukizeni nzima ndani ya pipa la maji matamu, ikae humo mpaka afike. Watu huliona jambo hili kama wazimu. Sisi tungelijua mapema, kikundi chetu kingekuwa na injini leo.

Kama hamtuamini, tazameni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande, wakaipakia kwenye masanduku hadi Dar es Salaam, halafu ikapelekwa Kigoma ikaunganishwa upya. Ikaitwa Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916, walipoona watashindwa vitani, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Lakini mainjinia walizipaka injini grisi nene kila mahali kabla ya kuizamisha, kwa sababu walitumaini kuirudia. Hawakuirudia wao. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo yake bado inafaa, na mwaka 1927 ilianza safari tena kwa jina la Liemba, ikaendelea kubeba watu na dagaa hadi karne hii. Miaka kama minane chini ya ziwa haikuiua. Maji ya ziwa ni matamu, hilo ni kweli, na ya kwetu ni ya chumvi. Lakini grisi ilifanya kazi yake, na jua halikupewa nafasi.

Turudi kwenye mbao. Tope lioshwe kwa maji ya bahari yaleyale, kwa kuwa chumvi husaidia mbao zisioze. Maji matamu ni ya injini. Kipelekeni chombo chini ya mkungu au mjengee banda la makuti, kifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, na kila siku chache mpunguze kulowesha. Kikauke kwa kivuli na upepo. Wakati huo fundi atoe pamba kuukuu kwenye maungano, atazame misumari. Msumari wa chuma ukizungukwa na weusi kwenye ubao umekwisha, hata kama kichwa chake kinang'aa. Taruma lililovunjika lisiunganishwe kwa bati na misumari miwili kama tunavyoona kwa mafundi wa haraka. Litafutwe tawi lililopinda lenyewe, lichongwe lifuate tumbo la chombo. Matundu ya yule mdudu huunguzwa kwa moto wa makuti makavu ukipitishwa chini ya tumbo, mpaka ubao uwe moto bila kuungua. Baadaye pamba mpya yenye mafuta ya nazi au sifa, kalafati igongwe barabara, kisha deheni kuanzia mkukuni hadi mstari wa maji. Harufu ya sifa majirani watailalamikia. Waambieni ni wiki moja tu.

Mashua za faiba hazina shida ya jua, bali maji hujificha katikati ya kuta zake. Ikipata uzito usioeleweka baada ya kuibuliwa, mtafute fundi atoboe mahali pa chini, maji yachuruzike kabla ya kuziba nyufa.

Neno kuhusu fedha. Andikeni hesabu ya kuibua na kutengeneza kabla ya kuanza, muilinganishe na bei ya chombo kingine, na muamuzi awe mkutano wenye akidi, si mwenyekiti na mwekahazina barabarani. Deni la mkopo haliingii katika hesabu hiyo: mtalilipa mkiibua, mtalilipa msipoibua. Ila mwendeeni aliyewakopesha mapema, wiki ileile, na picha za simu mkononi. Tumeona watu wakijificha miezi mitatu kwa haya, na mazungumzo yakawa magumu zaidi. Na yule aliyelala siku ya zamu yake? Kikundi chetu kilitaka kumtoza mashua nzima. Tulibishana nao sana. Mtu hawezi kulipa mashua kwa mshahara wa kufua maji, na kwa kweli hakuna aliyewahi kuandika zamu popote.

Mkikuta chombo kisicho chenu, kimezama au kinaelea bila mtu, si mali ya okota. Mwenyewe yuko mahali, labda yuko hatarini. Toeni habari kwa BMU na kwa polisi. Na kama mbao zinaonekana za kale sana, au mkiona vyungu na mizinga, msiguse kitu. Waiteni watu wa Makumbusho pale Fort Jesus.

Mashua ya kikundi kile ilirudi majini mwezi wa Oktoba, kusi ilipolegea, kwa tanga, bila injini. Siku ya kwanza ilivuja mpaka watu wakatazamana. Mzee fundi alicheka, akasema iachwe palepale kwenye maji mafupi usiku mbili, mbao zinywe kidogo. Siku ya tatu maji yaliyokuwa yakifuliwa kwa ndoo yalifuliwa kwa kopo. Wanaendelea kulipa mkopo. Zamu ya kufua maji sasa imeandikwa kwenye daftari, linakaa kwa mmoja wa mama karanga, naye mvua ikianza usiku hupiga simu mwenyewe.